Karani wa Posta Aliyemaliza Kazi ya Riwaya Kabla ya Kifungua Kinywa: Uchambuzi wa Kisa cha Anthony Trollope

Miongoni mwa waandishi wa riwaya waliokuwa na ajira nyingine, ni wachache walioacha kumbukumbu za kazi yao zilizo wazi kama zile za Anthony Trollope, Mwingereza aliyezaliwa London tarehe 24 Aprili 1815 na kufariki tarehe 6 Desemba 1882. Kuanzia 1834 hadi 1867 alikuwa mtumishi wa Posta ya Uingereza, na ndani ya kipindi hicho alichapisha riwaya zipatazo 20. Mpaka anafariki alikuwa ameandika 47, mbali na vitabu vya safari, wasifu wa watu mbalimbali na hadithi fupi nyingi. Kisa chake husimuliwa mara kwa mara kwa watu wanaojifunza kuandika, na karibu kila mara husimuliwa kwa namna moja: kwamba aliketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaweka saa yake mbele yake, akajidai maneno 250 kila robo saa, na kwamba mwenye nia akifanya vivyo hivyo atafika alikofika yeye. Habari hiyo ni ya kweli, lakini imekatwa pabaya. Ukiisoma pamoja na hesabu alizoziweka mwenyewe katika tawasifu yake, iliyochapishwa 1883 baada ya kifo chake, unakuta kwamba yaliyombeba ni mambo ambayo wasimulizi huyaruka: namna alivyopanga kiwango cha kazi cha wiki, mshahara ambao hakukubali kuuachia mapema, na watu ambao kazi yao ilifanya asubuhi zake ziwezekane.

Inafaa kuanza na miaka ambayo haikuzaa kitu. Trollope aliingia makao makuu ya Posta, mtaa wa St Martin's le Grand, Novemba 1834, akiwa na umri wa miaka 19, kwa mshahara wa pauni 90 kwa mwaka. Familia yake ilikuwa imeporomoka. Baba yake, wakili aliyeishiwa wateja na kisha akashindwa na kilimo, alikuwa amekimbilia Bruges, Ubelgiji, akiwakwepa wadai. Kijana akabaki London peke yake, akawa karani mchelewaji ambaye wakubwa wake walimtaja mara kadhaa kuwa wa kufukuzwa. Deni la fundi cherehani la pauni 12, pamoja na mkopo wa pauni 4, viliangukia mikononi mwa mkopeshaji wa riba na hatimaye vikamgharimu zaidi ya pauni 200. Mkopeshaji huyo alikuwa na desturi ya kuja ofisini, kusimama nyuma ya kiti cha Trollope na kumsihi kwa upole awe mtu wa kutimiza ahadi kwa wakati. Tayari Trollope alikuwa ameshajiaminisha kwamba riwaya ndiyo aina pekee ya uandishi aliyoiweza, lakini miaka saba ikapita bila kuandika hata moja.

Anayeshikilia kwamba ajira ndiyo inayoua kipaji anaweza kuishika miaka hiyo saba kama ushahidi, ila ushahidi wenyewe hausimami. Mwajiri alikuwa yuleyule ambaye baadaye Trollope alimtumikia huku akitoa kitabu kimoja au viwili kwa mwaka, na karani kijana asiye na mke wala watoto hakukosa saa za jioni. Alichokosa ni utulivu. Mtu anayesikiliza mlangoni kama mdai anapanda ngazi hawezi kukaa na wahusika wa kubuni kwa saa mbili mfululizo.

Mwaka 1841 aliomba nafasi ambayo wenzake hawakuitamani, ya karani wa mkaguzi wa posta katika mji mdogo wa Banagher, katikati ya Ireland. Mshahara ulikuwa pauni 100 tu, lakini uliambatana na posho ya shilingi 15 kwa kila siku aliyokuwa safarini na peni 6 kwa kila maili, kiasi kwamba mapato yake ya mwaka yalifika kama pauni 400. Mtumishi yeyote wa umma anaelewa tofauti iliyopo kati ya mshahara mtupu na mshahara wenye posho za safari. Akanunua farasi, akaanza kuwinda mbweha, mchezo aliouhusudu kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mwaka 1843, baada ya kuliona gofu la jumba la kifahari karibu na kijiji cha Drumsna, akaanza riwaya ya kwanza. Na Juni 1844 akamwoa Rose Heseltine. Utaratibu wa matukio hayo una maana kubwa katika kisa hiki, kwa kuwa mapato ya uhakika ndiyo yaliyotangulia na riwaya ikafuata nyuma.

Riwaya hiyo ilitoka 1847 na haikupata wanunuzi. Ya pili ikafuata mkondo huohuo. Ya tatu ilimletea pauni 20 ambazo, kwa maelezo yake mwenyewe, mchapishaji alizitoa bila kitabu kuzirudisha. Ya nne, The Warden, ilitoka 1855, na mwisho wa mwaka huo akapokea hundi ya pauni 9, shilingi 8 na peni 8, ambayo aliihesabu kuwa fedha ya kwanza aliyoipata kwa jasho la kalamu. Alikuwa na umri wa miaka 40, na miaka 12 ilikuwa imepita tangu aanze kuandika. Hebu tumweke mahali pake mtu mwenye mke na watoto wawili ambaye kodi ya nyumba, ada za shule na chakula vingetegemea vitabu hivyo vinne: angekuwa ameachana na riwaya kabla ya kile cha nne. Trollope hakuachana nazo kwa sababu kushindwa kwake hakukumfanya mtu yeyote nyumbani alale njaa. Kwa hiyo faida ya kwanza ya ajira katika kisa hiki ni kwamba ilimpa ruhusa ya kushindwa kwa muda mrefu.

Faida ya pili ilikuwa malighafi. Kati ya 1851 na 1853 alitumwa kusini-magharibi mwa Uingereza kupanga upya usambazaji wa barua vijijini, kazi iliyomfanya azunguke wilaya baada ya wilaya juu ya farasi, kama maili 40 kwa siku, akibisha hodi kwenye nyumba za wakulima na makasisi kuuliza barua zao huwafikiaje, saa ngapi, na kwa malipo gani. (Ni katika miaka hiyohiyo, 1852, ambapo sanduku la kwanza la barua la kusimama barabarani lilijaribiwa katika kisiwa cha Jersey kwa pendekezo lake.) Jioni moja ya kiangazi cha 1852, akitembea pembezoni mwa kanisa kuu la Salisbury, akapata wazo la The Warden, na kutokana na hapo ukazaliwa mfululizo wa riwaya sita kuhusu mkoa wa kubuni wa Barsetshire, ambao ndio uliomjengea jina. Mtu ambaye shughuli yake ilimwingiza katika sebule za nusu ya Uingereza alikuwa na elimu ya watu ambayo mwandishi wa kukaa chumbani asingeweza kuinunua.

Lakini kazi ya namna hiyo ilimeza siku. Alichofanya Trollope ni kuugeuza muda wa safari kuwa muda wa kuandika. Akajitengenezea kibao kidogo cha kuwekea karatasi magotini, akaandika kwa penseli ndani ya behewa la treni, na baada ya siku chache za mazoezi akaona kwamba anaandika upesi sawa na mezani. Akifika nyumbani, Rose alinakili maandishi hayo kwa wino. Sehemu kubwa ya Barchester Towers, iliyotoka 1857, iliandikwa kwa njia hiyo. Kitu pekee kilichomsumbua, anasema, ni haya ya kuonekana anajionyesha kuwa mwandishi mbele ya abiria wanne au watano. Nadhani yeyote aliyewahi kufungua daftari ndani ya basi lililojaa anaifahamu haya hiyo, na inafariji kujua kwamba hata yeye ilimpata na bado akaendelea.

Mapema mwaka 1858 Posta ilimtuma Misri kujadiliana kuhusu usafirishaji wa mifuko ya barua kupitia nchi hiyo. Kati ya Marseille na Alexandria bahari ilichafuka, na zaidi ya mara moja aliacha karatasi juu ya meza akakimbilia chumbani kutapika, kisha akarudi kumalizia kurasa za siku. Doctor Thorne ilikamilika akiwa katika safari hiyo, na siku iliyofuata akaanza riwaya nyingine.

Hapa ndipo tunapofika kwenye daftari, ambalo kwa maoni yangu ni kiini cha kisa chote. Kila alipoanza kitabu, Trollope aliandaa kalenda ya kazi iliyogawanywa kwa wiki kwa kipindi chote alichokikadiria, na kila siku aliingiza humo idadi ya kurasa alizoandika, ili siku mbili za uvivu zikipita zibaki zimeandikwa zikimtazama usoni na kumdai fidia. Kwa kuwa neno ukurasa linaweza kumaanisha chochote, ukurasa wake aliuwekea maneno 250, na maneno yalihesabiwa yote. Kiwango cha wiki kilikuwa kurasa 40 kwa wastani. Kiliwahi kushuka hadi 20 na kupanda hadi 112, kulingana na wingi wa kazi za ofisi wakati huo na haraka aliyokuwa nayo mchapishaji. Kwa miaka ya Waltham Cross, mji ulio kaskazini mwa London alikohamia mwishoni mwa 1859, ratiba ya asubuhi ilikuwa ya muda wa saa tatu, kuanzia saa kumi na moja na nusu, na nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kusoma kazi ya jana.

Tupige hesabu ambayo wasimulizi hawaipigi. Ukiondoa nusu saa ya kusoma zinabaki saa mbili na nusu, yaani robo saa 10, na kwa maneno 250 kila robo saa unapata maneno 2,500, ambayo ni kurasa 10. Angeandika hivyo siku sita za wiki angefikisha kurasa 60. Wastani wake, hata hivyo, ulikuwa 40, yaani maneno 10,000, ambayo ni kazi ya asubuhi nne zilizojaa. Mtu huyu anayetajwa kama mashine aliacha kwa makusudi theluthi nzima ya uwezo wake wa wiki bila kuipangia kazi, na nafasi hiyo ndiyo iliyopokea safari za ukaguzi, siku za kuwinda, homa na wageni. Mwandishi anayeanza leo kwa kujiapiza maneno 2,500 kila siku kwa sababu Trollope aliyaweza, anachukua kasi ya juu kabisa ya mtu huyo na kuifanya kiwango chake cha chini, kisha siku ya tano anashangaa kwa nini amekata tamaa.

La pili linaloonekana katika daftari ni wakati wa kulegeza sheria. Wiki yenye ukaguzi mzito ilipangiwa kurasa 20 kabla haijaanza. Ilipokwisha kuanza, haikupunguzwa tena. Tofauti kati ya kulegeza kabla na kulegeza katikati inaweza kuonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha mtu mwenye mpango na mtu mwenye visingizio: wa kwanza anatimiza kurasa 20 na kulala akiwa mshindi, wa pili anaandika 25 dhidi ya ahadi ya 40 na kulala akiwa mdeni, ingawa ameandika zaidi. Sidhani ni bahati kwamba jambo hili lilibuniwa na kijana aliyewahi kujua deni ni nini. Pia ni kazi ya karani kwa asili yake. Posta ilimfundisha kupima njia ya tarishi kwa maili na dakika, na kukataa njia ambayo binadamu wa kawaida hawezi kuitembea kila siku. Ukaguzi huohuo akauelekeza kwake mwenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa 1871, alipokuwa ameshaacha kazi. Akisafiri kwenda Australia kwa meli ya Great Britain, aliagiza mapema awekewe meza ya kuandikia chumbani, na kati ya Liverpool na Melbourne akaandika riwaya nzima, Lady Anna, kwa wiki nane, kurasa 66 kila wiki, akikosa siku moja tu kwa ugonjwa. Jumla yake ni kurasa 528, yaani maneno 132,000. Ofisi haikuwepo, farasi hawakuwepo, wageni hawakuwepo, na kiwango kikapandishwa kutoka 40 hadi 66. Alijua kuhesabu muda alionao, na hakuudai zaidi ya ulichoweza kumpa.

Kuhusu ile nusu saa ya kusoma kazi ya jana, anaeleza kwamba aliitumia zaidi kupima kwa sikio sauti ya maneno na sentensi. Ni jambo dogo lenye faida mbili: lilikuwa uhariri wa kwanza, na lilimrudisha ndani ya hadithi bila kupoteza dakika za kujiuliza aliishia wapi. Kila kitabu chake, anasema, alikisoma angalau mara nne, tatu kikiwa mswada na moja kikiwa kimepigwa chapa. Haya hayatajwi na wale wanaomlaumu kwa kuandika kwa pupa.

Swali linalobaki ni jinsi maneno 250 yalivyokuwa tayari kutoka kila robo saa ilipoanza, na jibu lake liko nje ya zile saa tatu. Tangu utotoni, alipokuwa mwanafunzi maskini aliyetengwa na wenzake katika shule ya matajiri ya Harrow, Trollope alikuwa na tabia ya kujisimulia hadithi kichwani akitembea njiani, hadithi moja ikiendelea kwa wiki, miezi, hata mwaka, chini ya masharti aliyojiwekea: lisiingie jambo lisilowezekana, na yeye mwenyewe asigeuke mfalme wala mtemi. Baadaye aliandika kwamba tabia hiyo ni hatari kwa akili, ila bila hiyo pengine asingeandika riwaya yoyote. Ukubwani aliendelea kuishi na wahusika wake namna hiyo, akizunguka peke yake milimani na msituni akilia kwa huzuni zao na kucheka vituko vyao. Farasi wa Posta alikuwa na mchango wake hapa, maana maili 40 juu ya tandiko ni saa nyingi za kufikiri bila kuitwa na mtu. Kwa hiyo anayeiga saa ya mezani bila kuiga matembezi ataketi saa kumi na moja na nusu akiitazama karatasi tupu, na ataamini kwamba mbinu imemdanganya.

Sasa watu. Pale Waltham Cross, mtumishi mzee mtunza farasi alilipwa pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe bwana wake na kumletea kahawa, na kwa miaka yote hiyo hakuchelewa hata mara moja. Trollope anasema huenda mafanikio yake anayadaiwa na mzee huyo kuliko mtu mwingine yeyote. Kauli hiyo husomwa kama utani wa tajiri mkarimu. Mimi naisoma kama taarifa ya hesabu. Ili mtu mmoja aketi mezani saa kumi na moja na nusu kahawa ikiwa moto, mwingine alilazimika kuamka kabla yake, katika baridi ya Uingereza, kuwasha moto. Rose alinakili miswada kwa miaka mingi. Trollope alipopatwa na maumivu ya mkono katika miaka ya mwisho, Florence Bland, mpwa wa Rose aliyelelewa nyumbani kwao, ndiye aliyeandika huku yeye akisema. Mwanamke wa kwetu anayeandika riwaya baada ya kuosha vyombo na kuwalaza watoto hana mzee wa kahawa. Mara nyingi yeye ndiye mzee wa kahawa wa mtu mwingine.

Na si kwamba mifano ya wanawake haipo ndani ya kisa hikihiki. Mama yake, Frances Trollope, alichapisha kitabu cha kwanza 1832 akiwa amepita umri wa miaka 50, kwa sababu mume alikuwa ameshindwa kuilisha familia, na mpaka anafariki 1863 alikuwa ametoa zaidi ya juzuu 100. Alikuwa mezani saa kumi alfajiri na kumaliza kabla ya watu wa nyumbani kuamka. Kule Bruges, akimuuguza mume na mwana waliokuwa wakifa, chupa za dawa na chupa ya wino zilikaa pamoja katika vyumba vyake. Nidhamu ambayo mwana alisifiwa nayo aliirithi kwa mama ambaye hakuwa na daftari, wala mshahara, wala mtu wa kumwamsha. Nikiulizwa kati ya hao wawili yupi alifanya kazi ngumu zaidi, sitasita kumtaja mama.

Ubora ni suala ambalo mchambuzi hawezi kulikwepa. Riwaya za wakati huo ziliuzwa kwa juzuu tatu, mikataba ilitaja urefu, na Trollope alijivuna kwamba hakuwahi kumpa mchapishaji kitabu kilichopungua hata neno moja. Katika baadhi ya vitabu vyake virefu zipo sura ambazo msomaji anahisi zimewekwa kuijaza juzuu. Hilo ni tozo la mbinu yake, na alilipa. Upande wa pili, kasi ilimpa wepesi wa kuamua. Akiandika asubuhi moja katika ukumbi wa klabu ya Athenaeum, London, aliwasikia makasisi wawili wakilalamika kwamba anawarudisha wahusika walewale kitabu hadi kitabu, na walimchoka hasa Bi. Proudie, mke wa askofu mwenye ulimi mkali. Akainuka, akajitambulisha, akaahidi kwenda nyumbani kumuua kabla ya wiki kwisha. Na akamuua kweli, katika The Last Chronicle of Barset, kwa sura ambayo ni miongoni mwa kazi zake bora. Baadaye alikiri kwamba alijuta, kwa jinsi alivyompenda mwanamke huyo.

Kuondoka kwake Posta kunastahili kusomwa kwa makini na kila anayeota kuacha kazi. Mwaka 1864 aliomba nafasi ya juu makao makuu, akapewa mtu mwingine, na uchungu ukambakia. Kufikia hapo alikuwa mwandishi mashuhuri. Tangu 1860 jarida la Cornhill lilikuwa limemlipa pauni 1,000 kwa riwaya moja ya mfululizo. Hata hivyo hakuondoka. Yeye na Rose walikuwa wamekubaliana miaka ya nyuma kwamba ataacha kazi siku akiba itakapoweza kuzalisha pato sawa na pensheni ambayo angeistahili akifikisha miaka 60, na alisubiri mpaka sharti hilo likatimia, mwaka 1867, akiwa na miaka 52. Akaondoka bila pensheni, lakini kwa hesabu zake alikuwa ameshajilipa pensheni yake mwenyewe.

Je, uhuru ulimzidishia kazi? Tangu 1855 hadi 1867, akiwa mtumishi, alitoa riwaya moja na nusu hivi kwa mwaka. Katika miaka 15 iliyofuata kasi ilipanda kidogo tu na kukaribia mbili. Saa za ofisi zilizoachwa wazi hazikugeuka kuwa kurasa, kwa kuwa yeye mwenyewe aliamini kwamba saa tatu kwa siku zinatosha kutoa yote ambayo mtu anapaswa kuandika. Zilikwenda kwingine: uhariri wa jarida jipya, na mwaka 1868 kugombea ubunge katika jimbo la Beverley, ambako alishindwa.

Tawasifu aliiandika 1875 na 1876, akaifungia ili mwanawe aitoe baada ya kifo chake. Ndani yake aliorodhesha malipo ya kila kitabu, jumla pauni 68,939, shilingi 17 na peni 5, akaeleza daftari na saa bila kuficha, na akamdhihaki anayengoja msisimko kabla ya kuandika kama mtu anayemtaka fundi viatu angoje msisimko kabla ya kushona. Wahakiki wengi walikunja uso, na wapo walioanza kuzisoma riwaya zake kama bidhaa za kiwandani. Ajabu ni kwamba vitabu havikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni kwamba wasomaji walijua vilitengenezwa saa ngapi.

Kwa msomaji wa Kiswahili kisa hiki si cha ugenini sana, kwa kuwa fasihi yetu kwa sehemu kubwa imeandikwa na watu wa aina hii. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni Tanganyika kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na waandishi wengi waliomfuata wamekuwa walimu na watumishi wa ofisi. Daftari la wiki linaweza kuchukuliwa lilivyo: mwalimu anayejua kwamba wiki ya kusahihisha mitihani haitamwachia nafasi aipangie kurasa tano mapema, kisha azitimize. Kisichochukulika kirahisi ni upande wa soko. Baada ya The Warden, ambayo malipo yake yalitegemea mauzo, Trollope alipendelea kuuza kitabu kwa kiasi kilichokubaliwa mwanzoni, kama pauni 400 alizopata kwa Doctor Thorne, na kwa hiyo kurasa zake 40 za wiki zilikuwa na mtu upande wa pili anayezisubiri kwa tarehe na kwa idadi ya maneno. Mwandishi wetu kwa kawaida huandika kwanza, kisha hutafuta mchapishaji, kisha husubiri mrabaha, na hakuna anayemdai. Akitaka kulijaribu daftari hilo kwa dhati, ajitafutie mdai: mhariri, msomaji mmoja mkali, au gazeti lenye nafasi ya hadithi ya mfululizo, ambalo likishatangaza sehemu ya kwanza haliwezi kuvumilia kuikosa ya pili.